Goti la Fundi Ochoki

Benchi letu la Suneka liko mkono wa kushoto ukitoka stage, katikati ya duka la dawa za mifugo na jiko la Mama Persis. Kama hujawahi kulikalia, basi Kisii hujafika, ulipita tu. Ni ubao mmoja mrefu wa mkaratusi uliopigiliwa juu ya magogo mawili, na una msumari mmoja uliochomoza ambao umekula suruali za watu wa maana. Kila mtu ana mahali pake. Mzee Thadeus, katekista mstaafu, anakaa karibu na ukuta ili aegemee. Jasper, ambaye tunamwita Agrovet kwa sababu anauza kwenye duka hilo la dawa, anakaa pale anapoweza kuona mteja akiingia. Fundi Ochoki wa tiles anakaa mwisho kabisa, upande wa barabara, anyooshe mguu. Mimi nilikuja wa mwisho nikaachiwa msumari. Lakini mimi si mtu wa kuachiwa kitu nikakaa nacho hivyo hivyo. Nina mto. Mto wa jinzi, upande wa chini mgumu unaomeza msumari, upande wa juu laini kama kiti cha mheshimiwa. Nilijiokotea vitu vyake hapo hapo kijiweni, nikampelekea fundi cherehani akavishona pamoja, na tangu siku hiyo wananionea wivu mpaka chai inawapalia. Jina langu ni Form Two. Nilipewa kwa sababu hapo ndipo nilipoona shule haina jipya la kunifunza, nikawaachia wengine. Leo nina pikipiki yangu, na waliomaliza Form Four ndio ninawabeba kwenda kutafuta kazi.

Ilikuwa Alhamisi. Mvua ya saa tisa ilikuwa imenyesha ikaenda zake, na Mama Persis alikuwa anamimina strungi ya tangawizi. Sisi watu wa hapa kahawa tunapanda, chai ndiyo tunakunywa. Mara fundi Ochoki akatokea akitembea kama bikari ya hisabati, mguu mmoja umesimama, mwingine unachora duara. (Bikari naijua. Hiyo niliifikia.)

— Fundi, nikamwambia, naona gia ya kushoto imekataa kuingia.

— Nyamaza wewe, akasema, akakaa mahali pake polepole kama mtu anayeteremsha kioo.

Akakunja suruali. Wueh! Goti lilikuwa limefura mbele kama avokado iliyofichwa ndani ya soksi. Hata Mama Persis aliacha kumimina.

— Si ulienda hospitali Jumatatu? akauliza.

— Nilienda. Daktari akavuta maji kwa sindano, maji ya manjano. Jana yakarudi yote. Anasema ni kupiga magoti. Miaka ishirini na mbili kwa saruji, naweka vigae, goti la kushoto ndilo linabeba. Amesema nisipige magoti wiki sita.

— Wiki sita! Agrovet akaruka. Na Jumamosi je?

Sote tulijua ya Jumamosi. Nikueleze na wewe ujue.

Ochoki ni Msabato, na Jumamosi hii kwao ni Meza ya Bwana. Kabla ya mkate na divai, Wasabato huoshana miguu. Wanaume kwa wanaume, wawili wawili, beseni na taulo. Mmoja anakaa, mwenzake anapiga magoti anamwosha, halafu wanabadilishana. Na mzee wa kanisa alikuwa amepanga kwamba safari hii Ochoki ataoshana na ndugu yake Mogire, ambaye hawajasemeshana naye miaka miwili.

Walikosana kwa ajili ya sakafu. Mogire ni msimamizi wa mjengo huko Eldoret, akajenga nyumba nzuri hapa nyumbani, na vigae akampa fundi wa kutoka Nyakoe. Sasa fikiria. Ndugu yako wa tumbo moja ni fundi wa tiles, anaitwa mpaka Nyamira na Keroka, na wewe unaleta mtu wa Nyakoe! Ochoki alinyamaza mpaka siku ya kufungua nyumba. Mchungaji akaomba, watu wakala, kisha Ochoki akatoa yai mfukoni, akaliweka katikati ya sebule mbele ya wageni wote. Yai likabingirika taratibu, likapita miguu ya mchungaji, likaenda kugonga mlango wa choo. Ochoki akasema, "Mmeona sakafu ya Nyakoe," akachukua kofia yake akatoka. Basi. Mpaka leo.

— Mimi naona shida ni dini yenu, akaanza Mzee Thadeus. Mimi nimepiga magoti tangu nikiwa mtoto. Rozari, njia ya msalaba, kila kitu. Angalia goti langu.

Akatuonyesha goti lake, jembamba, kavu, kama la mbuzi.

— Sisi Wakatoliki tuna ubao wa kupigia magoti, umewekwa sponji. Nyinyi Wasabato mnajiangusha tu kwa sakafu kama magunia ya mahindi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walisema ainame, hawakusema apige magoti!

— Mzee, hiyo ni kazi, si kanisa, Ochoki akasema. Kanisani napiga magoti mara tatu kwa wiki. Kazini, kutwa.

— Na kazini unaweka nini chini? Mama Persis akauliza.

— Karatasi ya saruji, naikunja mara nne. Ikilowa naweka ingine.

— Hayo ndiyo maneno, Mama Persis akasema, mkono kiunoni. Baridi ya saruji inapanda. Saruji inakunywa joto la mtu. Nyumba ya udongo ilikupa goti baridi lini? Kila nyumba unayoweka vigae unaiachia kipande kidogo cha goti, mpaka siku moja unaenda kupiga goti unakuta umelimaliza.

— Lakini halijaisha, mama, nikamwambia, limeongezeka!

Wakacheka, nikapata nguvu.

— Nyinyi wote hamjui mashine. Goti ni kama shoki ya pikipiki. Ndani kuna oili, na kuna sili ya kuzuia oili isitoke. Ukipita mashimo kila siku sili inaisha, oili inakuja nje. Hayo manjano aliyovuta daktari ni oili. Sasa daktari anavuta oili badala ya kubadilisha sili! Huyo angekuwa mekanika wangu ningemfukuza. Na shoki haibadilishwi moja, lazima zote mbili.

— Wewe shuleni ulifika sayansi gani? Agrovet akaniuliza.

— Nilifika ile ya kutosha.

— Sikilizeni mtu anayeshika dawa, Agrovet akasema, akaweka kikombe chini. Hayo ni maji, na haba na haba hujaza kibaba. Yakivutwa yanarudi, kwa sababu mlango haujafungwa. Nina sindano pale dukani, ng'ombe wa Obwocha alikuwa na goti hivi hivi, kubwa kuliko hili. Nilimdunga mara moja. Siku ya tatu anakimbia.

— Alikuwa anakimbia wapi? Ochoki akauliza.

— Alikuwa anakimbia sindano, nikasema mimi.

— Na baadaye alichinjwa, Mama Persis akaongeza. Nilinunua nyama yake.

— Alichinjwa kwa sababu ya mahari! Agrovet akawaka. Goti lilipona!

Fundi alikunywa chai yake bila kucheka. Mtu mwenye akili angeona hapo kwamba utani umefika mwisho wa barabara. Mimi niliona, lakini Agrovet alikuwa ameshaudhika, na Agrovet akiudhika hafungi breki.

— Basi niwaambie ukweli ambao mnaogopa kusema, akasema. Maji yalikuwa rangi gani, fundi?

— Manjano.

— Manjano. Na uvimbe uko ukubwa gani?

Tukaangalia goti.

— Ukubwa wa yai, Agrovet akasema, akatuangalia mmoja mmoja. Yai, watu wangu! Ulibingirisha yai kwa nyumba ya ndugu yako, mbele ya mchungaji, siku ya baraka. Ulifikiri lilisimama kwa mlango wa choo? Halikusimama. Limekuwa linakutafuta miaka miwili. Sasa limefika, limeingia, na hicho alichovuta daktari ni kiini.

Mzee Thadeus akajikinga kwa ishara ya msalaba, chai ikamwagika.

— Ee, mcheka kilema hafi bila kumfika, akasema. Na yai si kilema, lakini linakaribia.

Ochoki akateremsha suruali ikafunika goti. Akasema kwa sauti ya chini.

— Goti silo linaniuma sana. Jumamosi nitafika pale, Mogire atapiga magoti anioshe, kwa sababu mzee wa kanisa ameniambia yeye amekubali kuanza. Halafu itakuwa zamu yangu. Na mimi nitabaki nimekaa kama chifu. Kanisa lote litaona. Yeye ataona. Atasema, huyu bado ana kiburi chake cha yai.

— Mwambie unaumwa, Mama Persis akasema.

— Nimwambie vipi, mama, na hatuongei?

Hilo lilitushinda. Miaka miwili, na mtu anataka kusema neno moja tu, "naumwa", na hana mahali pa kulipitisha. Kama ningekuwa mtu wa kulia ningelia. Lakini mimi ni mtu wa mipango.

— Tufanye mazoezi, nikasema, nikasimama. Dawa ya moto ni moto. Goti limeharibiwa na kupiga magoti, tulitibu kwa kupiga magoti. Kidogo tu. Hata samaki mkunje angali mbichi. Leo ni Alhamisi, bado ni mbichi.

— Huyo samaki alikunjwa akiwa amekufa, Mama Persis akasema, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Nikamshika fundi kwapa la kulia, Agrovet la kushoto. Mzee Thadeus akawa mbele, mikono imeinuliwa, kama padre anayesubiri mtu wa komunyo. Tukaanza kumteremsha. Goti la kulia likagusa kokoto, sawa. La kushoto likafika nusu. Jasho likamtoka Ochoki pale juu ya mdomo. Nikasema, "Bado kidogo, fundi, bado kidogo," na yeye akatoa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mzima, nyembamba, kama kigae kinapokatwa.

— Mwinueni! Mama Persis akapiga kelele. Mwinueni, nyinyi wajinga!

Tukiwa hivyo, yeye katikati, hayuko chini wala juu, mtu akasema nyuma yetu:

— Bwairire.

Hiyo ni salamu yetu ya jioni, na ukiisikia unajibu. Hatukujibu. Alikuwa Mogire. Buti za mjengo, begi begani, ameshuka tu kutoka Eldoret. Miaka miwili alikuwa anapita upande wa pili wa barabara asikaribie benchi letu. Sasa amesimama hatua tatu, anamwangalia ndugu yake anavyoning'inia mikononi mwetu.

Tukamrudisha fundi kwenye benchi haraka. Mogire aliliangalia lile goti, suruali ilikuwa imepanda. Aliliangalia muda mrefu. Kisha akauliza swali dogo sana.

— Ochoki. Kwani zile za magoti hukuzivaa?

— Zipi?

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kati yao kwa miaka miwili. Zipi.

— Zile nilizokuwekea hapa. Jumatatu ya Pasaka nikirudi kazini, alfajiri. Nilikuwekea mahali pako, hapo mwisho, kwa karatasi ya kaki. Nilijua kila mtu anajua mahali pako. Ziko mbili, nyeusi. Plastiki ngumu mbele, sponji nzito nyuma, mikanda minne. Huko kwetu Eldoret fundi hapigi goti bila hizo.

Fundi akatikisa kichwa. Hakuelewa. Akamwangalia Mzee Thadeus, Mzee akamwangalia Agrovet, na Agrovet akaangalia pikipiki yangu. Nyuma ya pikipiki, mkungu wangu wa ndizi ulikuwa umefungwa kwa mikanda minne myeusi, mizuri, ya kunata.

Kisha wote wakaniangalia mimi. Na wakaangalia mto.

Sitajitetea sana. Niliikuta ile karatasi asubuhi, nikiwa wa kwanza kufika. Ndani hamkuwa na jina. Kitu cha kijiweni hakina mwenyewe, hiyo ni sheria, na hata kama sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe asubuhi hiyo hiyo, bado ni sheria. Sikujua ni vitu vya magoti. Mimi magoti yangu sijawahi kuyatumia kwa kazi. Niliona sponji, nikakumbuka msumari.

— Nani alizichukua? Mogire akauliza.

Mimi ambaye nina jibu la kila kitu nikainama kupangusa matope ya kiatu. Mzee Thadeus akakohoa.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema.

Tangu nilijue benchi hilo, ile ndiyo methali ya kwanza kukaa mahali pake.

Niliuchukua mto. Mama Persis akanipa kisu chake cha kukatia mandazi, nikafumua ile jinzi mshono kwa mshono, na watu wa stage wakisogea kuona. Nikazitoa. Nikaenda kufungua mikanda kwenye pikipiki, mkungu ukaanguka matopeni. Nikampa fundi zote, mbili, na mikanda minne.

Akazishika mapajani.

— Bado zina joto, akasema.

Alijaribu kuvaa ile ya kushoto. Mkanda haukuzunguka. Goti lilikuwa kubwa mno.

— Si za kuponya, Mogire akasema. Ni za kuzuia. Ungezivaa tangu Pasaka.

Miezi minne. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo: Mei, Juni, Julai, Agosti. Miezi minne fundi amekaa mkono mmoja kutoka kwangu, nami nimekalia magoti yake.

— Nilidhani umezikataa, Mogire akamwambia. Kila nikipiga simu nyumbani nauliza, amezivaa? Wananiambia hawajaziona. Nikasema, sawa, amezitupa.

— Mimi nilidhani hujanikumbuka kwa chochote.

Lori la kokoto likapita, likapunguza mwendo kwenye tuta, likaenda.

— Na yule wa Nyakoe, fundi akasema. Mbona ulimpa yeye?

Mogire akaweka begi chini.

— Mwaka ule nilikuona ukishuka ngazi za kanisa. Ulikuwa umeshika ukuta. Nyumba yangu ina vyumba saba, Ochoki.

— Ungeniambia.

— Ungekubali?

Fundi akazigeuzageuza zile za magoti mapajani mwake.

— Jumamosi sitaweza kupiga magoti, akasema mwishowe. Si kiburi.

— Naona. Naliona goti, si kipofu. Beseni tutaliweka juu ya kiti. Wewe utakaa, mimi nitasimama, nitaweka mguu ndani, utauosha.

— Beseni juu ya kiti? Agrovet akaingilia. Mzee wa kanisa atakubali?

— Nani alisema beseni lazima likae chini?

Tukatafuta. Mzee Thadeus, anayejua Biblia ya Wakatoliki yote na ya Wasabato nusu, alihesabu mistari kwa vidole, akarudisha mikono mfukoni.

Ochoki akasimama, mkono kwenye ukingo wa benchi. Mogire akampa bega. Ochoki aliliangalia lile bega kidogo, kama anapima kama liko sawa, kisha akalishika.

— Mogire. Lile yai.

— Yai hata mezani linabingirika, Ochoki.

— Najua, fundi akasema. Hata siku ile nilijua.

Wakaondoka hivyo, begi upande mmoja, mguu mbovu upande mwingine, zile za magoti zikining'inia kwa mikanda shingoni mwa Mogire. Walikwenda polepole sana. Agrovet akakumbuka ana mteja, ingawa dukani hapakuwa na mtu. Mzee Thadeus akakumbuka ng'ombe wake.

Nikamnyooshea Mama Persis kikombe.

— Chai imeisha, akasema.

Birika lilikuwa linatoa mvuke. Nililiona. Hata yeye aliona kwamba nimeliona, na akalifunika kwa leso.

Basi nikasema nikae kidogo nifikirie nitafunga mkungu wangu kwa kitu gani. Nikakaa mahali pangu, kwa nguvu, kama mtu mwenye benchi lake. Nilikuwa nimeusahau kabisa ule msumari.